Uso wa Katikati

Kwa miaka miwili mama yake Mchoraji hakuwahi kukanyaga duka la Fundi. Akipita barabarani alivuka upande wa pili, mkoba kwapani, shingo imenyooka kama mtu anayesimamia mtihani. Kwa hiyo Jumatatu ile alipoingia, akasimama mbele ya cherehani na kuweka mezani furushi la kitambaa cha rangi ya maziwa, Fundi aliinuka kwa haraka mpaka sindano ikamchoma kidole.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba." Alikuwa amestaafu ualimu mkuu zamani, lakini mtaa mzima uliendelea kumwita hivyo, na hata wanawe wakati mwingine walijisahau. "Nataka foronya kumi na mbili za mito ya sebuleni, na mapazia ya madirisha mawili. Jumamosi asubuhi viwe tayari. Nina wageni."

"Vitakuwa tayari. Nitavileta mwenyewe."

Mwalimu alimtazama kama mtu anayetaka kusema jambo kisha akaona si lazima. "Lete," akasema, akaondoka.

Fundi alisubiri hatua zake zipotee, ndipo akampigia Mchoraji simu. "Mama yako kaja dukani! Kanipa kazi, kanipa mimi!"

"Najua," Mchoraji akasema. "Mshonee vizuri."

"Ina maana amelainika?"

"Wewe mshonee tu, mpenzi. Mengine tutaongea."

Hakusema zaidi ya hapo. Yaliyobaki Fundi aliyajaza mwenyewe, na shangazi yake aliyekuwa akiishi naye akamsaidia kujaza. "Mtu hakupi kazi ya sebule yake kama hataki uingie sebuleni," shangazi alisema, akicheka mpaka mabega yakatikisika. "Anatengeneza nyumba, huyo. Atatuma watu wa posa kwangu. Ngoja uone."

Fundi akangoja, na huku anangoja akashona. Mshono wa pembeni aliurudia mara mbili pasipokuwa na haja. Wiki nzima mguu wake ulikuwa mwepesi juu ya pedeli, na wateja wakamwuliza kama amepata habari njema. Alitabasamu tu akauma uzi.

Alikuwa na sababu ya kuitaka habari hiyo. Mwalimu alimkataa tangu siku ya kwanza, na hakumkataa kwa kunong'ona. Fundi aliwahi kuolewa akaachika. Tena alimzidi Mchoraji miaka minne. "Mwanangu hajaoa hata mara moja," Mwalimu alisema mbele za watu, "kwa nini aanze na kilichokwisha kutumika?" Maneno hayo yalimfikia Fundi siku ile ile, kwa vinywa vitatu tofauti. Mchoraji alipoulizwa alishika kichwa. "Mpe muda Mama," akasema. Fundi akampa muda. Akampa na chumba.

Chumba chenyewe ni kile cha nyuma ya duka, alichokuwa akiweka majora ya vitambaa. Mchoraji alitaka kuchora picha kubwa kuliko zote alizowahi kuchora, picha ya kanivali, mtaa mzima umevaa maleba unacheza barabarani, na nyumbani kwao hapakuwa na chumba cha kuichorea. Fundi akahamisha majora yake chini ya meza ya kukatia. Kwa miezi kumi na moja mwanamume huyo alisimama mle ndani, mikono imejaa rangi, akimwita kila baada ya dakika kumi. "Njoo uone, hivi satini inakunjika hivi?" Naye Fundi alikuja, akavalisha sanamu ya kupimia nguo ili aone kivuli kinavyokaa kwenye mkunjo.

Kidogo kidogo wakatokea. Mchinja nyama, mwenye pembe za dhahabu. Kinyozi amevaa gauni la malkia na ndevu zake zote. Dada yake Mchoraji, muuguzi, amejifanya tausi. Mapacha wa duka la dawa za viatu ndani ya farasi mmoja, mmoja mbele mmoja nyuma, wakigombania upande wa kwenda. Watu thelathini na moja, na wote walikuwa na barakoa usoni, isipokuwa mmoja. Katikati kabisa alisimama mwanamke wa gauni la njano, barakoa ameivua ameishika mkononi, anacheka kwa mdomo wazi kabisa, jino la pembeni lililopanda mwenzake linaonekana.

Fundi alipojiona alijiziba mdomo. "Jino! Ungeliacha jino!"

"Siliachi," Mchoraji akamwambia, akamshika kiuno kwa mkono wenye rangi. "Wote hawa wamejificha. Wewe tu ndiye uliyejionyesha. Nikikutoa wewe, hapa hakuna picha."

Maneno hayo ndiyo aliyoishi nayo. Na wiki mbili zilizopita, Mchoraji alipokuja na watu wa kubeba akisema Mama anataka kuiona picha, Fundi aliifunga kwa shuka lake mwenyewe isije ikakwaruzwa njiani.

Jumamosi saa tatu na nusu asubuhi alikuwa mlangoni kwa Mwalimu, foronya zimepigwa pasi, mapazia mkononi. Dada Muuguzi ndiye aliyefungua. Siku zote walitaniana, siku zote alimpokea kwa kelele za "wifi yangu huyo!" Leo alimtazama akayashusha macho.

"Umekuja mwenyewe," akasema taratibu.

"Ulitaka nimtume nani, wifi? Mbona uso hivyo, umetoka zamu?"

"Nipe mimi, nitapeleka ndani. Wewe nenda kapumzike."

"Aa, mapazia natundika mwenyewe. Wewe utayatundika kama bandeji."

Dada hakucheka. Alisogea pembeni, Fundi akapita.

Sebule ilikuwa imepigwa deki, inanukia sabuni. Viti vimepangwa kwa kutazamana, vitano upande huu, vitatu upande ule. Na ukutani, ukuta wote, kanivali. Fundi alitabasamu kabla hajaitazama vizuri, kama unavyomtabasamia mtu wa nyumbani kwenu. Kinyozi yupo. Mapacha wapo. Tausi yupo. Akayapeleka macho katikati.

Gauni la njano lilikuwepo. Mikunjo aliyoionyesha yeye ilikuwepo yote. Lakini juu ya shingo palikuwa na barakoa ya ndege, nyeusi, yenye mdomo mrefu uliopinda, na mkono uliokuwa umeshika barakoa sasa ulishika puto jekundu.

Alisimama hapo, nguo mkononi, mpaka Mwalimu alipotokea jikoni.

"Umefika. Vizuri. Foronya ziweke pale." Mwalimu aliinua moja, akaigeuza ndani nje, akapitisha kidole kwenye mshono. "Mikono yako haina kasoro. Hilo sijawahi kulikataa."

"Wageni ni akina nani, Mwalimu?"

Mwalimu aliiweka foronya chini. "Mwanangu hakukwambia?"

"Hakuniambia."

"Basi hilo ni lake, siyo langu. Mimi nilidhani unajua, ndiyo maana nikakuheshimu kwa kukuletea kazi." Alisema hivyo bila ukali, na hilo ndilo lililoumiza. "Ni watu wa upande wa mke. Binti anauza dawa hospitalini, mfamasia. Wanakuja kuiona nyumba."

Mchoraji aliingia akifunga kifungo cha mkono wa shati. Alipomwona Fundi vidole vyake vikasimama.

"Nipe dakika moja na mwanao, Mwalimu," Fundi akasema.

"Moja," Mwalimu akajibu, akarudi jikoni. Mlango hakuufunga.

Walisimama wakielekeana. Kwa miaka miwili Fundi alikuwa amezoea kuyasoma macho yale kabla ya maneno, na sasa yalikuwa yanatazama zulia.

"Tangu lini?" akamwuliza.

"Sikiliza kwanza..."

"Nasikiliza. Tangu lini?"

"Miezi miwili. Mama alinipeleka kwao. Sikutaka, wallahi sikutaka. Presha yake ilipanda, Dada shahidi, akasema nikikataa nitamzika. Ningefanyaje?"

"Miezi miwili. Na ulikuwa unakuja dukani kwangu unakula, unalala kwenye majora yangu mchana, unaniambia mpenzi."

"Kwa sababu ni mpenzi! Sikukudanganya kwa hilo."

"Ukaniambia nimshonee vizuri." Sauti ya Fundi ilikuwa chini, kama anaongea na mteja mgumu. "Nimeishona mito watakayoikalia. Ulinisikia kwenye simu nilivyofurahi, ukaniacha nifurahi."

"Sikuweza kukwambia kwa simu."

"Na miguu huna?"

Fundi aliionyesha picha kwa kidevu. "Na hiyo?"

Hapo Mchoraji alipata uhai kidogo, kama mtu aliyeulizwa swali analolijua. Akasogea karibu, akashusha sauti. "Hiyo ni ya leo tu. Mama alisema wageni hawawezi kukaa wakitazamana na wewe. Nimekupaka rangi juu tu. Wewe upo chini yake, mzima, na jino lako. Wakishaondoka, siku nyingine nitaifuta. Rangi ya mafuta haikauki upesi, unajua mwenyewe. Sikuweza kukutoa. Nilikufunika."

"Nipo chini yake?"

"Upo. Naapa."

Fundi alimtazama sana, na ukweli ni kwamba alitaka kuamini. Hata pale, na viti vimeshapangwa, kama uso wake ulikuwepo chini ya ule wa ndege angepata kitu cha kuondoka nacho. Dirishani palikuwa na kikopo cha tapentaini na kitambaa, vitu vya mtu aliyefanya kazi haraka akasahau kusafisha. Alivichukua.

"Unafanya nini?" Mchoraji akauliza.

"Nataka kujiona."

"Siyo sasa! Wako njiani!"

"Dakika yangu haijaisha."

Mchoraji alimshika mkono, lakini mkono wa mtu anayeendesha cherehani kutwa haushikiki kirahisi. Fundi alilowesha kitambaa akakipitisha kwenye mdomo wa yule ndege. Rangi nyeusi ikatoka kama masizi. Akafuta tena, pole pole, kwa kuzungusha, kama anavyotoa doa kwenye nguo ya mtu. Jicho la ndege likafutika. Paji likafutika. Chini yake hapakuwa na kicheko wala jino. Palikuwa na kitambaa kitupu cha picha, kimekwaruzwa, nyuzi zimechanika na kusimama kama manyoya. Kama kuna mtu aliyejua kuisoma nguo iliyokwanguliwa, ni yeye.

"Ni kisu," akasema.

Aliyejibu ni Dada Muuguzi, aliyekuwa amesimama mlangoni kwa muda wote huo akiivika mito foronya. "Alhamisi mchana," akasema, machozi yanamlenga. "Mama alisimama nyuma yake mpaka akamaliza. Alisema rangi ya juu itafutika, anataka aone kitambaa. Mimi ndiye niliyefagia. Nisamehe, wifi."

"Alinilazimisha," Mchoraji akasema.

"Kisu alishika nani?"

Mwalimu alitoka jikoni, akaona ukuta, akajishika kifua. Katikati ya picha palikuwa na kipande cha kitambaa kitupu, na weusi umetiririka mpaka kwenye gauni la njano. "Umefanya nini wewe mwanamke! Umefanya nini nyumbani kwangu!"

Gari lilisimama nje. Milango mitatu ikafungwa, mmoja baada ya mwingine.

Kila mtu mle ndani alisikia. Mwalimu alivuta pumzi, akapangusa uso kwa viganja viwili, na uso uliotoka chini ya viganja ulikuwa wa mkuu wa shule siku ya wazazi. "Fundi," akanong'ona, "ikiwa una adabu yoyote, toka kwa mlango wa jikoni."

"Mapazia sijatundika, Mwalimu. Kazi yangu siachi nusu."

Akapanda kwenye kigoda kilichokuwa chini ya dirisha, akaanza kuingiza pete kwenye fimbo, moja moja. Wageni wakaingia: baba mtu mzima mwenye koti, mama wa makamo, na nyuma yao binti mwembamba aliyevaa miwani. Wakasalimiana, wakakaribishwa, wakakalia foronya.

"Huyu ni fundi wetu, anamalizia," Mwalimu akasema. "Msijali."

"Habari za kazi, dada," binti akasema.

"Nzuri," Fundi akajibu, amewapa mgongo.

Maongezi yakaanza, ya safari na jua. Kisha Fundi akamsikia binti akiinuka, akisogea ukutani. "Jamani, hii umechora wewe? Watu wote hawa! Huyu mwenye ndevu ananichekesha." Akasogea karibu zaidi. "Na huyu wa katikati? Mbona hana uso? Ni nani huyu?"

Fundi alisimamisha pete mkononi. Hakugeuka. Alimpa Mchoraji nafasi ya mwisho kwa mgongo wake, na mwenyewe alijua anampa. Kama angesema jina lake tu, hata kama angelisema kwa aibu, pengine angemsamehe mengi.

"Huyo bado," Mchoraji akasema. "Sijampata mtu wa kumweka."

Pete zilizobaki zilikuwa tatu. Aliziingiza. Akashuka, akayavuta mapazia yakakutana sawasawa katikati, akayafungua tena, akaokota mkoba wake. "Mapazia tayari. Mbarikiwe," akawaambia wageni, akatoka kwa mlango wa mbele.

Jumapili hakutoka chumbani. Shangazi alimwuliza mara moja tu, akaona uso wake, akaacha.

Jumatatu alifungua duka saa mbili kama kawaida. Chumba cha nyuma hakukiingia. Mchana, watu wakiwa wamepungua, mtu alisimama mlangoni, na Fundi akainua kichwa akaiona ile miwani. Chini ya sweta binti alikuwa bado amevaa koti jeupe la kazini.

"Nina nusu saa tu," Mfamasia akasema. "Naweza kukaa?"

Fundi alimsogezea kiti.

"Dada yake ndiye aliyenielekeza. Nilimbana akasema." Aliiweka mikono yake mapajani. "Nikuulize moja, dada, na usinifiche. Yule wa katikati alikuwa wewe?"

"Alikuwa mimi."

"Alikutoa lini?"

"Alhamisi mchana."

Binti alitikisa kichwa mara kadhaa, kama anayehesabu vidonge. "Alhamisi jioni alinipigia simu. Alikuwa analia. Akaniambia hajawahi kumpenda mtu kama anavyonipenda mimi. Nilidhani ni mapenzi yanamliza."

Nje mtu alipita akipiga mluzi.

"Sikuja kugombana," Mfamasia akaendelea.

"Najua. Hujanikosea."

"Kwetu baba ameshasema. Ukoo umeshaitwa. Nikirudi nyuma sasa, mama hataweza kutoka nje. Nitaolewa naye." Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la sweta, na bila miwani alionekana mdogo sana. "Nilitaka tu kujua naolewa na mtu gani."

Fundi alimtafuta moyoni mwake adui aliyekuwa amemshonea chuki usiku na mchana, akamkosa. Aliona msichana aliyekuja kwa nusu saa ya mapumziko yake kuuliza ukweli, mahali ambapo mwanamume mzima alishindwa kuusema kwa miezi miwili.

"Si mtu mbaya," akamwambia. "Ni mtu wa kumhurumia. Lakini huruma haikusaidii siku unayomhitaji asimame. Nikupe moja tu, mdogo wangu. Akikwambia kaa nikuchore, usikae."

Mfamasia alirudisha miwani usoni.

"Ameshaanza," akasema. "Jana. Mama yake alituacha sebuleni, akaniambia nisimame karibu na dirisha nicheke. Ameziba pale palipochanika, ananiweka hapo hapo katikati. Aliniambia..." Akasita. "Aliniambia bila mimi hakuna picha."

Fundi alitazama mkasi uliokuwa mezani, akausogeza, akaurudisha ulipokuwa.

"Asante kwa kuniambia ukweli," binti akasema, akainuka. Mlangoni aligeuka kama anayetaka kuongeza kitu, kisha akaangalia saa yake akaenda zake hospitalini.

Simu ililia kabla hata viatu vyake havijafika mwisho wa barabara. Fundi aliliona jina, akaiacha ilie mara nne, akapokea.

"Nisikilize," Mchoraji akasema haraka, sauti imekauka. "Sijala tangu Jumamosi. Nimekosa, najua nimekosa. Acha hili lipite, nioe waridhike, mimi na wewe tutatafuta njia. Nimeanza kukuchora upya, picha yako peke yako, uso wako wote ninao kichwani..."

"Mchumba wako ametoka hapa sasa hivi."

Alisikia pumzi yake, na nyuma ya pumzi sauti ya mwanamke mtu mzima ikiuliza ni nani huyo kwenye simu.

"Amesema umeshaanza kumchora yeye. Pale pale."

"Mpenzi, nielewe, siyo mimi. Mama ndiye..."

Fundi alikata. Hakumngoja amalize.